Tangi la Bi Alvina

Oktoba 9
Theluji ya kwanza. Ilikuwa nyepesi, ikayeyuka kabla ya mchana. Simu za ofisini hazikukatika asubuhi nzima. Kila mwaka ni hivyo hivyo, watu wa bonde hili mpaka waone theluji ndipo wakumbuke kwamba nyumba zao zina matangi ya mafuta ya kupashia joto.

Oktoba 14
Gilman Daigle amekuja kutazama kompyuta zetu. Ni binamu wa marehemu mume wangu. Alitunza kompyuta za shule mpaka alipostaafu. Alizikagua moja moja, akavua miwani, akasema, "Rosanne, mwite Reggie."

Reggie ni kaka yangu. Kampuni ya Mafuta ya Lagassé ni yetu sisi wawili, nusu kwa nusu, tangu baba alipofariki. Malori ni yake, ofisi ni yangu.

"Zote tatu zina mfumo wa uendeshaji ambao waliouunda wameshaacha kuutunza," Gilman alimwambia. "Zamani likigunduliwa tundu walikuwa wanaleta kiraka. Sasa tundu linabaki tundu, na wezi wanajua."

"Lakini zinafanya kazi," Reggie alisema.

"Mlango usio na kufuli nao unafanya kazi. Unafunguka na kufungika vizuri tu."

Akatupa njia mbili. Ya kwanza, tununue mashine mpya zenye mfumo mpya na tuhamishie huko programu yetu ya kugawa mafuta. Ya pili ni ya wasio na haraka ya kununua: mashine yenye programu hiyo ikatwe kabisa kwenye intaneti, ikae peke yake, na zile mbili zingine zitolewe mfumo wa zamani, ziwekwe mfumo huria, ule usiouzwa, tuzitumie kwa barua pepe tu.

Reggie alicheka. "Kitu cha bure kina sababu ya kuwa bure."

"Reggie, hiyo programu ikipotea wiki moja tu katikati ya Januari, utajuaje nani kaishiwa?"

Hilo lilikuwa swali la kweli. Mteja wetu haombi mafuta. Programu inajumlisha baridi ya kila siku, inajua tanuru la kila nyumba linakula kiasi gani, na kila asubuhi inatoa majina: leo ajaziwe fulani na fulani. Tuna karibu nyumba mia saba. Kadi za karatasi alizoacha baba tulizitupa zamani.

"Camille anazijua nyumba zote," Reggie alisema. Camille Morneault ndiye dereva wetu mkongwe.

"Camille hakumbuki hata chakula alichokula jana."

"Baada ya msimu, Gilman. Tutaongea baada ya msimu."

Gilman alinivuta pembeni akanipa diski ndogo ya kubeba mkononi. "Basi angalau hili. Kila jioni ichomeke, inakili kila kitu, uichomoe, uende nayo nyumbani. Ukiiacha imechomekwa, mwizi akiingia anaikuta pamoja na vingine."

Nimemwitikia. Gilman ana hofu nyingi. Tangu astaafu amekosa wa kuwahofia, basi ametupata sisi.

Oktoba 30
Diski ninaibeba kwenye mkoba kila jioni. Najiona kama nimebeba yai.

Novemba 12
Bi Alvina Cyr amekuja mwenyewe, na barabara ilivyo na utelezi. Alichambua viazi kiwandani tangu usichana wake, ana mikono kama ya mwanamume. Masikio ndiyo yamechoka. Alisimama mlangoni akapaza sauti.

"Nani yule aliyepita na lori juu ya maua yangu?"

"Camille, Bi Alvina. Theluji ilificha ukingo."

"Ilificha nini?"

"Ukingo!"

"Mwambie pale wanaishi watu, si kiwanja cha ndege." Akaniwekea mezani mfuko wa unga wa mkate wa ngano nyeusi. "Huu ni wako. Reggie asiuonje. Jumapili alinipita kanisani kama kiti."

Reggie alitoka ofisini kwake huku akicheka. "Shikamoo, Bi Alvina!"

"Sasa unanisalimia kwa sababu umesikia unga." Lakini alimpa mkono. Kisha akaniuliza, "Na tangi langu likoje? Niwe napiga simu?"

"Usijisumbue. Kompyuta inakuangalia."

"Eti inaniangalia." Akacheka mpaka akakohoa. "Haya. Wengine hata watoto wao hawawaangalii."

Novemba 27
Theluji nzito. Nimegundua diski imechomekwa tangu Jumatatu na hakuna kilichotokea. Kuinama chini ya meza kila jioni kunaniumiza goti. Nitaiacha pale pale, inakili yenyewe.

Desemba 8
Gilman kapiga simu. "Diski unaitoa?" Nikasema naitoa.

Desemba 25
Misa, kisha pai ya nyama kwa Reggie. Siku hizi ana furaha ya ajabu. Anatoka nje kwenye baridi kuongea na simu, anarudi anasugua mikono. Mkewe ananitazama, mimi namtazama mkewe. Hakuna anayejua.

Januari 6
Baridi imeshuka kwa ghafla. Pumzi inaganda kwenye kola. Watabiri wanasema itakaa wiki nzima au zaidi.

Januari 9
Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri alfajiri.

Nilipowasha kompyuta, badala ya majina ya leo nilikuta ukurasa mwekundu. Faili zenu zote zimefungwa. Mkitaka ufunguo, andikeni hapa mpewe bei. Kompyuta ya Reggie vilevile. Ya tatu vilevile. Nikainama chini ya meza. Diski ilikuwa inawasha taa yake ndogo ya buluu kama kawaida.

Gilman alifika na koti juu ya nguo za kulalia. Aliichukua ile diski, akaichunguza kwenye mashine yake mwenyewe, akarudi.

"Nayo pia," alisema. "Iliachwa tangu lini?"

"Novemba."

Alivua koti akaketi kufanya kazi. Heri angenigombeza.

Madereva walikuwa wamesimama na glavu mkononi, malori yananguruma nje. "Haya," Camille alisema, "twende wapi?" Reggie alimtazama, akanitazama mimi, akatazama ukuta.

Tukaanza kupiga simu kwa wale tunaowakumbuka, na wengine kutoka kwenye kitabu cha simu cha zamani. Reggie alisema tusitaje wizi, tuseme tunahakiki vipimo. Tuna laini mbili, na zote mbili tumezishika kuanzia asubuhi. "Shuka chumba cha chini, mpenzi, utazame kipimo cha tangi, uniambie kinasomaje." Wengine wanashuka. Wengine wanauliza, "Si mlisema kompyuta yenu inajua?" Wengine hawapokei. Nusu ya bonde hili ni wazee, na robo ya wazee hao hawasikii simu ikilia.

Madereva wanajaza kwa kubahatisha. Matanuru ya nyumba tatu yameshazimika, maji yameganda na mabomba yamepasuka. Watu wamehamia kwa majirani.

Januari 10
Nyuzi ishirini na tisa chini. Stakabadhi za malori zimo kwenye maboksi, hazikupangwa, kwa sababu kila kitu tulikuwa tunakiingiza kwenye kompyuta. Nimezimwaga sakafuni nikaanza kuzichambua ili nijue nani kajaziwa karibuni, asisumbuliwe kwanza. Camille ameandika kwa mwandiko wake wa haraka: A. Cyr, Barabara ya Violette, limejaa. Tarehe ni ya mara baada ya mwaka mpya.

Alikuwa anapita mlangoni na mkate mdomoni, barafu kwenye kope.

"Camille, huyu A. Cyr wa Violette ni Alvina?"

"Violette? Ndiyo, nilikwenda kule. Nilijaza mpaka juu."

Nikatia alama kwenye jina la Bi Alvina. Hata hivyo nikampigia. Iliita mpaka ikakatika. Hasikii simu, nikajisemea, na tangi lake limejaa. Nikaenda kwenye jina linalofuata.

Januari 11
Polisi wa jimbo wamekuja. Kijana mmoja mpole aliuliza mlango waliopitia. Gilman ameshaupata: barua pepe iliyofunguliwa kwenye kompyuta ya Reggie mchana wa Januari 8, yenye kiambatisho.

Polisi alipoondoka nilimfuata Reggie gereji. "Barua ya nani?"

"Nilidhani ni ya wanunuzi."

"Wanunuzi wa nini?"

Alishika bomba la lori kama anayetafuta pa kujishikiza. Kampuni kubwa ya kusini mwa jimbo. Anazungumza nao tangu kiangazi. Alikuwa anasubiri mkataba, wezi wakamtumia kitu kinachofanana na mkataba.

"Ndiyo maana hukutaka kubadilisha kompyuta."

"Mtu hatengenezi paa la nyumba anayoihama, Rosanne."

"Nusu ya nyumba hiyo ni yangu."

"Ningekuambia wakishakubali."

Miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia watu kwamba kaka yangu ni mkaidi lakini hana siri. Nimerudi kwenye simu. Sina nafasi ya kumkasirikia leo.

Januari 13
Reggie amewalipa wale wezi bila kuniambia. Ufunguo waliotuma haukufungua kitu. Nyuzi thelathini na moja chini.

Januari 14
Camille aliingia bila kukung'uta viatu. Alisimama mbele ya meza yangu, theluji ikimdondoka.

"Yule niliyemjazia ni Albénie," alisema. "Albénie Cyr. Nyumba ya kijani. Si Alvina. Rosanne, si Alvina."

Niliinuka. Alinionyesha kwa mkono nikae.

Alikuwa anarudi kutoka mwisho wa Violette akaona bomba la moshi la Bi Alvina halitoi kitu, na theluji mlangoni haina alama ya mguu. Mlango wa jikoni haukuwa umefungwa. Alimkuta kwenye kiti, amevaa makoti mawili na kofia ya marehemu mumewe. Maji kwenye sinki yalikuwa barafu. Alishuka chini akapiga tangi kwa ngumi, likalia tupu.

"Alikuwa na simu mapajani," Camille alisema.

Kisha akatoa funguo za lori mfukoni, akaziweka juu ya stakabadhi zangu, akatoka. Nilidhani anakwenda kunawa uso. Amekwenda nyumbani, mkewe anasema harudi tena kazini.

Simu ya ofisini iliendelea kulia. Niliipokea. Niliendelea kuwaambia watu washuke chini watazame vipimo.

Januari 15
Siwezi.

Januari 20
Misa ya Bi Alvina. Ardhi imeganda, haiingii hata sururu, kwa hiyo jeneza limewekwa kwenye chumba cha mawe nyuma ya makaburi mpaka Mei, pamoja na wengine waliokufa msimu huu.

Rémi, mwanawe wa pekee, amekuja kutoka Connecticut anakofanya kazi kwenye kiwanda cha injini. Ukumbini baada ya misa, wakati wa kula mchuzi wa kuku, alikaa nasi mimi na Reggie kwa sababu anatujua tangu utotoni.

"Alinipigia siku chache kabla," alisema. "Akasema nyumba imepoa. Nikamwambia, mama, umesahau kuagiza mafuta. Akasema haagizi yeye, kompyuta inamwangalia." Rémi alicheka. "Inamwangalia! Nikamuuliza kompyuta gani, mama? Wapigie watu wa mafuta. Akasema kawapigia na kuwapigia, simu yao inatumika. Nikamwambia hukupiga, umeota. Nilimgombeza. Alikuwa ameshaanza kuchanganyikiwa na mimi niko mbali, sikuona. Ningemweka kwenye nyumba ya wazee mwaka jana, angekuwa hai."

Reggie alikuwa anatazama sahani yake. Mimi nilisema, "Pole, Rémi."

Alipiga. Laini zote mbili tulikuwa tumezishika sisi wenyewe, tunawapigia watu wengine.

Januari 22
Nilimwambia Reggie lazima tumwambie Rémi. Mwanasheria wa kampuni ameshamwambia tusiseme neno na mtu yeyote. "Neno moja, Rosanne, na hatuna kampuni." Rémi ameshaondoka kwenda kwake.

Februari 6
Gilman anasema data hazikufungwa tu, ziliibwa pia. Nimefikiri mle ndani mlikuwa na nini. Nani yuko Florida mpaka Aprili. Ufunguo wa nani uko chini ya chungu gani. Nani anaishi peke yake. Niliyaandika mimi, ili kuwarahisishia madereva.

Sheria inataka kila mteja aandikiwe. Tumeandika. Sasa bonde zima linajua tuliibiwa. Barua ya Bi Alvina imekwenda kwenye nyumba isiyo na mtu.

Februari 15
Dukani Albénie Cyr aligeuza toroli lake aliponiona.

Februari 28
Theluji. Wateja wanahama. Wanunuzi wa Reggie wameandika mistari miwili: hawanunui tena. Reggie anaendesha lori la Camille mwenyewe, anatoka kabla hakujapambazuka, anarudi uso umeungua kwa upepo. Hatuzungumzi ila kuhusu njia na matangi.

Machi 10
Safari hii sikumsubiri Reggie. Nilimwambia Gilman, "Niambie tena yale ya Oktoba, na unifikirie mimi ni mjinga."

"Wewe si mjinga. Ulikuwa na goti bovu."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu Januari, kisha nikalia.

Tumechagua. Mashine moja mpya, yenye mfumo unaotunzwa na viraka vyake, kwa programu ya mafuta peke yake. Haitasoma barua ya mtu. Mbili za zamani zimepewa ule mfumo huria, na barua pepe zote zinafunguliwa humo. Diski ni mbili, zinapokezana, na moja haikosi kuwa nyumbani kwa Gilman. Maelezo ya funguo na safari za watu hayaingii tena kwenye kompyuta.

Kisha Gilman akanifanyisha jambo ambalo sikulitegemea. Alifuta kila kitu mbele ya macho yangu, akasema, "Haya, kirudishe." Nikachomeka diski. Kilirudi. "Kila mwezi utafanya hivi," alisema. "Nakala usiyowahi kuirudisha hujui kama unayo."

Ilichukua asubuhi moja na gharama ndogo kuliko tairi za lori.

Machi 29
Napita nyumba kwa nyumba kuandika upya matangi. Wengine wananikaribisha chai. Wengine wananisomea kipimo kupitia dirishani.

Aprili 19
Barafu ya mto imepasuka. Ngurumo yake ilisikika mpaka ofisini.

Mei 7
Ardhi ya makaburini imelainika. Bi Alvina anazikwa keshokutwa. Rémi amefika, taa za nyumba ya mamake zinawaka.

Nimemwambia Reggie kesho nitakwenda kwa Rémi. Akasema mwanasheria. Nikasema nitakwenda.

Mei 8
Nilikwenda baada ya chakula cha mchana. Rémi alikuwa anafunga vyombo vya jikoni kwenye magazeti. Alinipa kiti, nikabaki nimesimama, maana sikujua mamake alifia kwenye kiti kipi jikoni mle.

Nilimwambia yote kwa mpangilio. Kompyuta za zamani, onyo la Gilman, diski niliyoiacha chini ya meza, stakabadhi ya A. Cyr, alama niliyoitia mimi mwenyewe kwenye jina la mamake. Aliendelea kufunga kikombe kimoja, gazeti juu ya gazeti, mpaka kikawa kama mpira.

"Kompyuta inaniangalia," alisema taratibu. "Ni nyinyi mlimwambia hivyo?"

"Mimi. Kwa mdomo wangu."

"Na simu?"

"Ilikuwa inatumika kweli. Tulikuwa tunawapigia wengine."

"Nani alifungua hiyo barua?"

"Kampuni ni yetu sote wawili, Rémi."

Mlango wa nyuma ukagongwa. Reggie alisimama kwenye kizingiti, kofia mkononi. Gari lake lilikuwa nyuma ya langu, sijui alikuwa amekaa humo kwa muda gani. "Ni mimi niliyeifungua," alisema. "Na ni mimi niliyekataa kubadilisha mashine. Rosanne alitaka kukuambia tangu Januari, nikamzuia."

Nilidhani Rémi atampiga. Alikuja mpaka karibu yake, mwanamume mkubwa wa mwili, mwenye mikono ya mamake. Kisha akaketi kwenye boksi la vyombo.

"Nilimwambia umeota," alisema. "Alikuwa ananieleza jambo la kweli, neno kwa neno, nami nikamwambia mama umeota. Hicho ndicho kitu cha mwisho nilichomwambia."

Reggie alifungua mdomo.

"Usiombe msamaha leo," Rémi alisema. "Tafadhali. Ondokeni."

Nje, Reggie alishindwa kuingiza ufunguo kwenye gari lake. Nilimchukua kwenye langu. Alipokuwa anashuka alinishika bega, na kwa mara ya kwanza tangu Januari sikulivuta.

Mei 9
Mvua nyembamba. Walikuja watu wengi. Gilman na mkewe, na Camille, ambaye sikuwa nimemwona tangu siku ile, amekonda. Reggie alisimama peke yake karibu na uzio. Watu walipita mbele yake na nyuma yake.

Padri alipomaliza aliuliza kama familia ina neno. Rémi alisogea mpaka kwenye ukingo wa kaburi. Hakuwatazama watu.

"Mwezi wa Januari niliwaambia wengi wenu kwamba mama yangu alikuwa ameanza kuchanganyikiwa," alisema. "Si kweli. Alijua tangi lake limekwisha. Alipiga simu, akapiga tena. Akili yake ilikuwa timamu mpaka mwisho. Nataka mjue hivyo."

Padri alisubiri kama kuna mwingine. Camille alikuwa amefunika uso kwa glavu. Wanaume wanne wakashika kamba wakaanza kumshusha.